Visanduku Viwili vya Kizibo

3 Februari

Komredi Mjomba, nanyi makomredi wote wa penseli, wino na kifutio mnaoinama juu ya meza za kuchorea katika chumba hicho!

Shikamoo. Nakuamkia kwa sauti ya mkutano kwa sababu nimetoka mkutanoni sasa hivi na koo langu halijapoa, na pia kwa sababu neno nililonalo halituhusu sisi wawili peke yetu. Linamhusu kila mtu aliyewahi kusimama pembeni mwa picha ya mwenzake. Isome kwa sauti, ofisi nzima isikie.

Salamu za nyumbani kwanza, maana Mama akijua nimekuandikia bila salamu atanikana. Hajambo, isipokuwa goti, ambalo sasa limepata cheo: kila anayeingia huulizwa kama ameshalijulia hali. Kaka amechumbia. Binti ni muuguzi, mpole wa maneno, na Bibi amempitisha kwa kauli moja: "Huyu anakula vizuri." Bibi huyohuyo anauliza kila juma kwa nini simu yako inaita mpaka inachoka. Nimemwambia una kazi nyingi. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kama watu wa zamani, kwa matumaini kwamba karatasi haiwezi kuachwa ikiita.

Pole tena kwa kuondokewa na Mkaza Mjomba. Nilitaka kuja mazishini. Ulikuwa wakati wa mgomo, nami ni katibu wa kamati ya wanafunzi, na mambo yalikuwa mengi. Hayo unayajua. Kila nikifungua gazeti lenu nashtuka kuona maneno ya viputoni, yale wanayosema wahusika, yamepigwa kwa kompyuta. Jicho langu bado linatafuta mwandiko wake, zile "a" zake zilizokaa kama kuku juu ya mayai.

Sasa hoja.

Nimelelewa na gazeti lako la vibonzo. Watoto wenzangu walimpenda Ngurumo, shujaa wa jalada, anayeinua mabasi kwa mkono mmoja na kukohoa radi. Mimi nilimpenda Kizibo: fundi bomba wa zamani, mfupi, kofia imemfunika masikio, mtu ambaye uwezo wake wote ni kuvimba na kuziba tundu lolote, liwe la bwawa lililopasuka au la meli iliyotoboka. Ngurumo hubomoa ukuta ili ampate adui. Kizibo hubaki nyuma kuziba ukuta. Tangu nina miaka saba nilijua ni nani kati yao anayefanya kazi.

Mwaka jana, mwezi Septemba, mlimfisha mke wake. Alikuwa ameziba tangi la maji la mji mzima, hawezi kubanduka, na habari ikamkuta hapohapo. Kisha mkamwonyesha amerudi nyumbani, ameketi, kimya, bila neno hata moja. Mjomba, nililia bwenini mbele ya watu wanaonijua kama mtu asiyelia. Nikasema: hatimaye! Hatimaye shujaa wa pili amepewa moyo wake mwenyewe!

Juma lililofuata? Yuko palepale, kwenye bomba, anacheka. Hakuna mke, hakuna msiba. Na wala mke hakufufuliwa. Kufufuliwa kungekuwa hadithi. Amefutwa. Hajawahi kuwepo.

Nimefanya utafiti. Katika umri wangu wote wa kusoma, Ngurumo ameoa, ameachana, amepoteza jicho na kulipata, amesaliti, ametubu, na kila kovu lake linakumbukwa. Kizibo alijifunza kusoma; matoleo machache baadaye hajui tena kusoma. Aliushinda woga wa giza, woga ukarudi. Mara moja, mara moja tu, alimwambia Ngurumo "hapana" na kutoka mlangoni kwa miguu yake. Toleo lililofuata alikuwa ndani, ameshika spana.

Huu si usahaulifu, makomredi. Huu ni mfumo! Shujaa wa pili hanyimwi kukua kwa bahati mbaya. Ananyimwa kwa sababu kukua kwake ni madai. Akikua atataka nafasi, na nafasi ina wenyewe. Atauliza kwa nini yeye ndiye anayeziba. Kwa hiyo kila akiinua kichwa anarudishwa chini kwa upole, na upole huo unaitwa burudani.

Nauliza kwa niaba ya umma wa wasomaji: ni nani aliyemfuta mke wa Kizibo? Nitajie mhusika. Mengine niachie mimi.

Mpwa wako, mwenye hasira lakini mwenye heshima.


19 Machi

Mpwa wangu, Komredi,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwa sauti kama ulivyoamuru. Fundi wa wino alipiga makofi. Mhariri aliuliza, "Huyu si yule aliyemwaga chai juu ya jalada alipoletwa hapa mdogo?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi hajabadilika."

Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima. Nyumba ipo mahali pake. Paka wa jirani amehamia kwangu bila kuniuliza, na sasa ananitazama kama mimi ndiye niliyehamia. Mpe Bibi salamu, mwambie simu ina kasoro. Goti la dada yangu lipe heshima zake zote. Kaka yako mpongeze. Mwambie mtu anayeoa muuguzi asijisingizie homa.

Sasa nikueleze jinsi chumba hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu hotuba yako ni nzuri lakini imepita juu ya paa letu.

Kila mhusika ana karatasi yake ukutani. Amechorwa mbele, ubavuni na mgongoni, na chini yake zipo nyuso: anacheka, amekasirika, ameshangaa, analia. Wachoraji tunapokezana, na anayepokea zamu haangalii toleo la juma lililopita. Anaangalia ukuta. Karatasi ya Ngurumo huchorwa upya kila anapopata kovu, maana kovu likikosekana wasomaji hawampi mhariri usingizi. Ya Kizibo niliichora mwaka tulipoanza. Ina uso mmoja, unacheka. Hatukuona haja ya mwingine. Kwa hiyo umfundishe kusoma, umwondolee woga, umpe hasira: mchoraji wa zamu ijayo atainua macho, amwone anacheka, amchore anacheka. Hakuna aliyekaa kikao cha kumkandamiza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, ukiniuliza mimi.

Kuna jambo la pili. Ukurasa wetu una visanduku sita. Ngurumo ana vinne. Kizibo ana viwili, tena vya chini kulia, pale kidole gumba cha msomaji kinaposhika.

Fikiri kama mchoraji kidogo, uache kufikiri kama jukwaa. Ngurumo akifiwa hupewa toleo zima. Mvua inanyesha, anasimama juu ya paa, kurasa tatu hatamki neno. Watu wanamjia. Mmoja anamshika bega. Toleo linalofuata ameinuka, na wewe umemwona akiinuka, kwa hiyo unaamini. Kizibo akifiwa ana visanduku viwili. Katika cha kwanza analia. Katika cha pili afanye nini? Nikimliza tena, na juma lijalo tena, nitakuwa nimemweka mtu analia pembeni mwa vita vya watu wengine na hakuna anayegeuka kumtazama. Nikimnyamazisha bila kuonyesha nani alimnyamazisha, nitakuwa mwongo. Badiliko lisilopewa nafasi si kukua, mpwa wangu. Ni kidonda kilichoachwa wazi. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwepesi kwa asiyeubeba, walikuwa wakizungumza habari za visanduku vya chini kulia.

Umeuliza nani alimfuta mke wa Kizibo, ili mengine nikuachie wewe.

Ni mimi. Mhariri hata hakugundua.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Bibi amesema simu yenye kasoro hupelekwa kwa fundi. Nimekuwasilishia kama nilivyopokea. Kaka amepata ukumbi, mwezi Juni, na familia imekaa kikao bila wewe na kupitisha azimio: mshereheshaji ni wewe. Mama anasema hataki kusikia habari ya mtu wa kukodi. Maneno yake haya hapa: "Bila kaka yangu kutuvunja mbavu, harusi itakuwa kama msiba." Nimeahidi kukuleta.

Barua yako niliisoma ngazini, nikaisoma tena kitandani. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Naikataa.

Sikatai maelezo. Ukuta nimeuona, kidole gumba nimekiona. Tangu nilipokusoma nashika gazeti kwa juu kama mtu aliyeshika samaki. Nakataa hitimisho. Unaniambia: kwa kuwa hana nafasi ya kuomboleza, tumwondolee msiba. Huruma gani hiyo? Ni huruma ya mwenye nyumba anayeona paa linavuja juu ya mpangaji, akaamua kumhamisha mpangaji! Kama visanduku viwili havitoshi, hoja si kumpunguza Kizibo mpaka aenee ndani yake. Hoja ni kudai cha tatu, na cha nne, na ukurasa!

Kwa hiyo nimeanzisha Umoja wa Wasomaji wa Pembeni. Tumefanya mkutano wa kwanza katika darasa la jioni. Mwitikio ulikuwa wa kutia moyo. Azimio lilikuwa moja: kila msomaji amwandikie mhariri wako na kumdai ukurasa wa Kizibo.

Mwenyekiti wa kamati yetu alinisimamisha mbele za watu. "Komredi Katibu, mabweni yanavuja, na wewe unampigania mtu wa kuchorwa mwenye kofia?"

Nikamwambia, "Mabweni yanavuja, Mwenyekiti, ndiyo maana ni vizuri ukamjua anayeziba."

Ukumbi ulicheka. Hata yeye alicheka. Kisha akafungua karatasi, akasoma hotuba niliyomwandikia mimi, neno kwa neno, akanyamaza pale nilipoandika "nyamaza", na akapigiwa makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Nilikuwa nyuma, kwenye kipaza sauti, nikishikilia waya ambao ungeachiwa ungekata sauti.

Lakini nimetoka nje ya mada. Njoo Juni. Na karatasi ile ya ukutani, ibandue.

Mpwa wako.


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa tena, sina kisingizio kipya. Salamu kwa wote.

Umeniponza. Barua zimekuja. Nilitegemea tatu, zote kwa mwandiko wako uliojibadilisha, lakini tarishi alileta mfuko. Yupo mlinzi wa ghala aliyeandika kwamba amesoma kisa cha tangi la maji akiwa zamu peke yake, na tangu hapo anataka kujua yule bwana aliamkaje asubuhi. Yupo mama mmoja aliyeuliza hivyohivyo, mstari mmoja tu, bila salamu. Mhariri alizitandaza mezani.

"Hawa wote wanamtaka Kizibo?" akaniuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Kizibo huyu huyu? Wa kofia?"

"Hatuna mwingine."

Akajikuna kidevu. Watu wa matangazo ya sabuni wameacha kuchukua ukurasa wa mwisho, kwa hiyo upo wazi. Akasema, "Chukua. Ukurasa mzima, yeye peke yake, Ngurumo asiingie. Kuanzia Septemba. Usiwachoshe watu." Tuliuomba ukurasa huo miaka mingi, mimi na mkaza mjomba wako. Umepatikana sasa. Ukishinda, Komredi, uwe unaangalia umeshinda saa ngapi.

Kuhusu harusi, mwambie dada yangu sitakuja. Usimweleze sababu, atasema naringa, na mtu anayeringa husamehewa haraka kuliko mwenye sababu. Nitakueleza wewe. Nilipozika, wa nyumbani walikuja, wakaketi, wakaondoka, kama watu wote wenye kazi. Juma lililofuata dada yangu alinipigia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ehe, msanii, tuchekeshe, tumelia vya kutosha." Nikamchekesha. Nimemchekesha kila alipopiga, mpaka nikaona heri nisipokee.

Ninyi nyumbani nanyi mna karatasi yangu ukutani. Ina uso mmoja. Siwalaumu, niliichora mwenyewe.

Mjomba wako.


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Harusi imepita. Bibi arusi alipendeza, Kaka alilia kabla ya wakati. Mshereheshaji wa kukodi alicheka utani wake mwenyewe ili kutuonyesha mahali pa kucheka. Mama aliangalia mlango mara nyingi, kisha akasema, "Kaka yangu siku hizi anaringa." Nilisimama ili niseme. Mimi, ambaye hunyamazishwa kwa kengele! Nikatazama zile meza zote zenye furaha, nikakaa.

Nimehamia chumba kingine, kidogo, cha mtu mmoja. Kwenye kamati nimepumzika kidogo. Ninasoma sana.

Nilipohama nilifungua sanduku langu la magazeti ya zamani, yale uliyokuwa ukinitumia tangu shule ya msingi, nikayapanga sakafuni pembeni mwa ya mwaka huu. Nilikuwa nakusanya ushahidi dhidi ya mfumo. Naomba uniruhusu nikueleze nilichokiona, bila hotuba.

Mwezi Januari mwaka huu, bwawa limepasuka, Kizibo amejipachika kwenye ufa, maji yamemfika shingoni, anasema: "Nifunikieni chakula, leo nitachelewa." Maneno hayohayo aliyasema kwenye bwawa jingine nilipokuwa darasa la pili. Mwezi Machi, adui ametangaza kuuteketeza mji, Kizibo anainua mkono: "Sawa, lakini nina nguo kambani. Niruhusu nianue kwanza." Hayo yapo katika toleo ambalo kona yake niliitafuna kwa meno ya utotoni. Mwezi Mei, Ngurumo ameinua basi, na Kizibo anamwambia: "Lishushe taratibu, kuna bibi humo ndani alikuwa amepata kiti cha dirishani." Nimelipata na hilo.

Yote, Mjomba. Kila neno alilosema Kizibo tangu Oktoba alishawahi kulisema. Hakuna jipya hata moja.

Mtu kama wewe haishiwi utani. Barua zako ni ushahidi. Kwa hiyo hukuishiwa. Umekuwa ukiyachagua. Sijui kama nina haki ya kuuliza swali hili, lakini nauliza: maneno haya ni ya nani?

Mpwa wako.


9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Wasalimie.

Ni yake.

Sikiliza jinsi tulivyokuwa tukifanya. Maneno ya Ngurumo hutoka kwa mwandishi wa visa. Huja yamepigwa chapa, yamepitishwa, huwezi kugusa hata nukta. Ya Kizibo hayakuja kamwe. Katika karatasi za mwandishi huwa pameandikwa tu: "Kizibo anasema kitu." Hakuna aliyejali ni kitu gani. Nilikuwa nikimchora mdomo wazi, nikimwachia kiputo kitupu, nikibeba kurasa zote, hata za wenzangu, nyumbani, na mkaza mjomba wako akiziweka mbele yake jikoni achore herufi. Ya Ngurumo alinakili. Ikifika zamu ya Kizibo aliinua kalamu, akanitazama, akaanza kucheka kabla sijajua anacheka nini. Kisha aliandika. Sijawahi kumwandikia Kizibo neno katika maisha yangu. Mimi nilimfungua mdomo, yeye akaujaza, na kwa sababu kile kilikuwa kisanduku cha kidole gumba, hakuna mhariri aliyewahi kumuuliza.

Wewe unasema shujaa wa pili amenyimwa. Ni kweli. Lakini palikuwa na uhuru ndani ya kule kunyimwa, na uhuru ule ulikuwa na mwenyewe.

Toleo lile la Septemba lililokuliza, wengi walisifu ukimya wake. Haukuwa ustadi. Nilimchora amerudi nyumbani, nikachora kiputo, nikakaa. Kisha nikakifuta kiputo.

Sasa umeelewa kwa nini nilimrudisha. Ile hoja ya huruma niliyokuandikia ni ya kweli, wala sikukudanganya, ila haikuwa yote. Kizibo akisonga mbele, anasonga bila yeye. Kila neno jipya litakuwa la mtu mwingine. Akirudi nyuma, anarudi kwenye maneno yake, na yeye anakuwa yupo, kila Alhamisi gazeti linapotoka. Usiniambie ni makosa. Hilo ninalijua, sihitaji azimio.

Ukurasa wako, ule ulioushinda, uko mezani. Nimechora jiko. Nimemchora Kizibo ameketi. Halafu mkono unafika ukingoni. Yule mlinzi wa ghala anataka kujua bwana huyu aliamkaje, na mimi sijui, maana hakuna mahali nilipowahi kuona. Nimeshaandika barua kwa mhariri: ukurasa urudishwe kwa watu wa matangazo, Kizibo abaki na viwili vyake. Nitamkabidhi Jumatatu tarehe 24, tunapogawana kazi za Septemba. Nimeona nikwambie kwanza, usije ukaisoma gazetini.

Usihuzunike. Ulipigana vizuri.

Mjomba wako.


16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Nyumbani wazima. Uliniambia nisimweleze Mama sababu; nimevunja agizo lako. Nilimsomea barua yako ya Mei, ile sehemu ya simu. Kisha akainuka na goti lake, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Baadaye aliniuliza, bila kugeuka, "Nilisema hivyo kweli?" Nikamwambia ndiyo. Hatujazungumza tena, lakini jana alikataa kuimaliza sentensi aliyoianza na "Kaka yangu anaringa".

Nilikuandikia kwamba nimepumzika kamati. Kamati ndiyo iliyonipumzisha. Niliomba kuisoma hotuba yangu mwenyewe, mara moja tu, kwa mdomo wangu. Walisema mimi ni hodari sana pale nyuma, kwa nini niharibu. Na ule Umoja wa Wasomaji wa Pembeni, ambao nilikuambia mwitikio wake ulikuwa wa kutia moyo: walikuja wawili, na mmoja alikuwa amekosea darasa. Zile barua za ule mfuko wa tarishi sifahamu zilikotoka. Ziliandikwa na watu ambao hawakuja mkutanoni, kila mmoja mahali pake, akidhani yuko peke yake. Nimelifikiri hilo sana kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu.

Sitakuambia ni makosa kumweka hai kwa maneno yake. Sitakuletea pia maneno ya kuweka mahali pa yale. Siyajui, na mtu akikuambia anayajua mfungie mlango. Nina hoja moja tu, nayo umeitoa wewe mwenyewe mwezi Machi nami nikaipita kwa mbio. Uliandika kwamba Ngurumo anapofiwa, watu wanamjia. Mimi nimebishana nawe miezi sita kuhusu ukubwa wa ukurasa. Ukurasa tumeupata, na bado yuko peke yake ndani yake. Hiyo ndiyo sababu mkono wako unafika ukingoni. Huwezi kuchora mtu anaingia, kwa sababu hakuna aliyeingia.

Barua kwa mhariri usiichane. Ni haki yako kuikabidhi. Naomba tu Jumatatu isitangulie Jumamosi.

Tangazo. Mkutano ujao utafanyika Jumamosi, tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi, jikoni kwako. Wajumbe ni wawili, akidi imetimia. Mama ameomba nafasi ya tatu, nimemwambia nitamwuliza mwenye nyumba. Hapatakuwa na mwenyekiti, hapatakuwa na hotuba, na hakuna atakayetakiwa kuchekesha. Basi langu linafika saa tatu na nusu. Usije kunipokea, njia nitauliza. Nikigonga, fungua.